Mnara wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, Boston: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wageni wetu wanaokuja Boston, wawe wamekuja kushangilia marathoni mwezi wa Aprili au kuhudhuria mahafali ya mtoto mwezi wa Mei, karibu wote hupitishwa mbele ya mnara huu. Wanapiga picha na yule Mzungu aliye juu ya farasi, halafu wanauliza maswali yaleyale. Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka, sasa nayaandika. Ombi langu ni moja: usiondoke pale kabla hujazunguka upande wa nyuma.

Mnara huu ni wa nani hasa?

Ni wa Kikosi cha 54 cha Askari wa Miguu wa Kujitolea wa Massachusetts, kikosi cha wanaume weusi kilichoundwa mwaka 1863, katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Ni wa kamanda wao pia, Kanali Robert Gould Shaw, kijana wa Kizungu wa familia ya watu wazito wa Boston, aliyekufa nao akiwa na miaka 25. Jina rasmi linawataja wote wawili, kanali na kikosi. Wenyeji lakini wamezoea kuuita kwa jina la Shaw peke yake, na hapo ndipo ugomvi wangu nao unapoanzia.

Uko wapi, na nafikaje?

Uko Beacon Street, ukingoni mwa bustani kubwa ya Boston Common, ukitazamana na jumba la serikali ya jimbo lenye kuba la dhahabu. Ukipanda treni ya chini kwa chini, shuka Park Street, kisha fuata kuba; ni mwendo wa dakika chache, kimlima kidogo. Waliokuja kwa marathoni wanaweza kutoka kwenye mstari wa kumalizia pale Boylston Street, wakakatiza Public Garden, wakaingia Common na kuibukia juu. Hakuna kiingilio, hakuna geti.

Nikifika nitaona nini?

Utaona ukuta wa mawe na ndani yake bamba kubwa la shaba, karibu futi 11 kwa futi 14, lenye watu waliotokeza kana kwamba wanapita mbele yako sasa hivi. Shaw yuko katikati juu ya farasi, upanga umeelekea chini. Ubavuni mwake, mbele na nyuma, askari wanatembea kutoka kushoto kwenda kulia, bunduki mabegani, mablanketi yameviringishwa juu ya mikoba ya mgongoni. Mbele kabisa kuna wapiga ngoma, bado watoto tu. Juu yao anaelea mwanamke kama malaika, ameshika tawi la mzeituni na maua ya mpopi. Tawi ni amani, mpopi ni usingizi na kifo.

Sogea karibu, uache farasi, utazame nyuso. Hapa mchongaji Augustus Saint-Gaudens alifanya kitu ambacho watu wa zama zake hawakuwa na desturi ya kukifanya. Wakati ule mtu mweusi katika sanamu za Marekani alikuwa mmoja tu, amepiga magoti, minyororo mikononi, anasubiri kufunguliwa. Hapa yupo mzee mwenye ndevu zilizojaa, yupo kijana ambaye kidevu chake hakijaota kitu, yupo mwenye mashavu yaliyobonyea, yupo anayetazama chini kidogo kama mtu anayehesabu hatua zake. Hakuna wawili wanaofanana. Saint-Gaudens aliwatafuta wanaume weusi mitaani New York, akawalipa wakae mbele yake awaige, akafinyanga vichwa takriban 40 kabla ya kuchagua vya kutumia. Kwa hiyo hizo si sura za askari wenyewe. Ni sura za watu waliopita njia miaka 20 na zaidi baada ya vita, wakakopeshwa vita ambavyo hawakupigana.

Viatu navyo vitazame. Miguu imepangwa mistari kwa mistari, yote imeinuka kwa pamoja na miguu ya farasi. Ukisimama hapo kimya dakika mbili, utaapa umesikia kishindo.

Kwa nini Mzungu yuko juu ya farasi na weusi wanakwenda kwa miguu?

Jibu fupi: ndivyo ilivyokuwa. Serikali iliruhusu weusi wawe askari, haikuruhusu wawe maafisa. Sajini Stephen Swails alipandishwa cheo na gavana mwaka 1864, lakini wizara ya vita ikakataa kumtambua, na ilimchukua hadi Januari 1865 kuvaa uafisa wake kihalali.

Jibu refu lina kioja ndani yake. Mpango wa kwanza wa Saint-Gaudens ulikuwa sanamu ya Shaw peke yake juu ya farasi, katikati ya uwanja, kama majenerali. Familia ya Shaw ndiyo iliyokataa. Walisema mtoto wao alikuwa kanali tu, na heshima ya farasi peke yake ni ya wakubwa kuliko yeye. Wakataka awe pamoja na watu wake. Kama si unyenyekevu wa wazazi wale, leo tungekuwa tunapiga picha na farasi na mpandaji wake basi.

Na jambo ambalo shaba haisemi: siku aliyokufa, Shaw hakuwa juu ya farasi. Farasi waliachwa nyuma. Aliongoza kwa miguu, kwenye mchanga, kama wenzake.

Ni kweli walijitolea? Na walikuwa watu wa Massachusetts?

Walijitolea, ndiyo. Kwa Kiswahili cha siku hizi kujitolea ni kufanya kazi bila malipo, lakini hapa maana yake ni kwamba hawakushurutishwa. Ingawa, kama utakavyoona kwenye swali la mshahara, kwa karibu miezi 18 maana zote mbili ziliwafaa.

Kuhusu uenyeji, hapana, wengi hawakuwa watu wa Massachusetts. Weusi wa jimbo lile walikuwa wachache mno kujaza kikosi cha watu elfu moja. Gavana John Andrew, aliyepata kibali mwezi Januari 1863, wiki chache baada ya Rais Lincoln kutangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi, alituma mawakala kila upande. Kuruta walitoka New York, Pennsylvania, Ohio, wengine Kanada na visiwa vya Karibi. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa akawa msemaji mkubwa wa weusi wa Marekani, aliandika wito wa kuwahimiza vijana waingie, na hakuwatuma wana wa watu wengine tu: wanawe wawili, Lewis na Charles, waliandikishwa, na Lewis akawa sajini meja wa kikosi.

Na wote walijua wanachokiendea. Serikali ya waasi wa Kusini ilikwisha kutangaza kwamba askari mweusi atakayekamatwa hatahesabiwa kuwa mateka wa vita. Atakabidhiwa kwa majimbo, na majimbo hayo yalikuwa na jina moja tu kwa mtu mweusi mwenye bunduki, yaani mtumwa aliyeasi. Afisa wa Kizungu anayewaongoza naye alitishiwa kifo. Tangazo hilo liliwafikia wakiwa bado kambini Readville, nje kidogo ya Boston. Wakaendelea na gwaride.

Tarehe 28 Mei 1863 walipita Beacon Street, mbele ya jumba lile la kuba, mbele ya gavana na umati wa watu, wakashuka hadi bandarini na kupanda meli kwenda South Carolina. Ndiyo safari inayoonekana kwenye shaba. Mnara umewekwa mahali penyewe walipopita.

Nini kilitokea Fort Wagner?

Fort Wagner ilikuwa ngome ya mchanga na magogo ya palmetto, mti wa jamii ya mnazi, katika kisiwa cha Morris, mlangoni mwa bandari ya Charleston. Jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, lilitaka kuivunja ili liufikie mji. Tarehe 18 Julai 1863 mizinga ya nchi kavu na ya manowari iliipiga kutwa nzima. Majenerali wakaamini kwamba ndani hakuna aliyebaki. Waliokuwa ndani walikuwa wamejificha kwenye mahandaki, wazima.

Jioni, jua linazama, Kikosi cha 54 kikapewa nafasi ya mbele. Walikuwa kama watu 600. Walikuwa wamepigana siku mbili kabla katika kisiwa cha James, wakalala kwenye mvua, wakatembea usiku, wakashinda karibu na njaa. Njia ya kuiendea ngome ilikuwa ufuko tu, bahari kulia, kinamasi kushoto, na kadiri ulivyokaribia ndivyo ufuko ulivyobana, hadi waliokuwa pembeni wakawa wanatembea ndani ya maji. Hawakufyatua risasi, amri ilikuwa singe. Walipofika karibu, waasi wakatoka mahandakini.

Walivuka handaki la maji, wakapanda ukuta wa mchanga. Shaw alifika juu, akapigwa risasi, akaangukia ndani. Wengine walipigana juu ya ukuta kwa vitako vya bunduki kwa muda, giza likaingia, wakarudishwa nyuma. Vikosi vingine vya Wazungu vikafuata nyuma yao navyo vikachinjwa vivyo hivyo. Ngome haikuanguka usiku ule. Waasi waliihama wenyewe mwezi Septemba baada ya kuzingirwa. Leo hata ukitaka kwenda kuiona huwezi, bahari imekula.

Walikufa wangapi?

Hesabu inayotumika zaidi kwa Kikosi cha 54 ni 272: waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, kati ya wale 600. Karibu mmoja katika kila wawili. Jeshi zima la Muungano lilipoteza watu 1,515 kwa namna hizo hizo jioni ile. Waliopotea ndio wanaosumbua hesabu, kwa sababu mtu aliyezikwa mchangani na adui haandikwi popote.

Nimeombwa mara nyingi nitaje mmoja. Namtaja Sajini Robert Simmons, mzaliwa wa Bermuda. Siku chache kabla ya shambulio, New York iliwaka moto: Wazungu waliopinga kuandikishwa jeshini kwa lazima waliingia mitaani, wakawaua weusi, wakachoma nyumba. Nyumba ya dada yake Simmons ilivamiwa, na mpwa wake mdogo akauawa. Simmons hakupata kujua. Alijeruhiwa Fort Wagner, akatekwa, akakatwa mkono, akafia Charleston mikononi mwa waasi. Ndani ya wiki chache familia moja ilizika watu pande zote mbili za vita, na upande wa Kaskazini ndio uliomuua mtoto.

Habari ya mshahara ikoje?

Waliambiwa watalipwa kama askari wengine: dola 13 kwa mwezi. Walipofika kazini wakaambiwa sheria inasema mtu mweusi ni kibarua wa jeshi, dola 10, na hapo katika hizo zinakatwa 3 za nguo. Zinabaki 7.

Walikataa. Hawakupokea hata senti. Bunge la Massachusetts likaona aibu, likajitolea kuwaongezea tofauti kutoka hazina ya jimbo. Wakakataa pia, kwa hoja kwamba hawakutaka fadhila. Walitaka serikali iliyowatuma kufa ikiri kwamba ni askari. Huku nyumbani wake zao wanaosha nguo za watu na watoto wanalishwa kwa michango.

Koplo James Henry Gooding, aliyekuwa baharia wa meli za kuvua nyangumi kutoka New Bedford, alimwandikia Lincoln barua mwezi Septemba 1863 akimuuliza waziwazi: sisi ni askari, au ni vibarua? Mwezi Februari 1864, kwenye mapigano ya Olustee kule Florida, kikosi kiliingia vitani kikipiga ukelele wa kejeli: hoyee Massachusetts, na dola saba kwa mwezi! Gooding alijeruhiwa na kutekwa siku hiyo, akafia katika gereza la Andersonville. Hakupokea mshahara wake.

Mwezi Juni 1864 Bunge la Marekani lilikubali kulipa, lakini likaweka mwiba: malimbikizo kamili ni kwa yule tu aliyekuwa huru kabla ya vita kuanza. Ndani ya kikosi walikuwamo watoro wa utumwa. Kanali Edward Hallowell, aliyechukua nafasi ya Shaw, akatunga kiapo: kila askari aape kwamba vita vilipoanza hakuwa akidaiwa na mtu yeyote kazi isiyolipwa. Na kwa sheria ya Mungu nani anadaiwa kazi ya bure na mwenzake? Wakaapa wote, na dhamiri safi. Ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote za kikosi hiki, zaidi hata ya ile ya bendera.

Hadithi ya bendera ni ipi?

William Carney alizaliwa mtumwa Virginia, akakulia uhuru wake New Bedford. Pale Fort Wagner mbeba bendera alipoanguka, Carney aliidaka, akaipandisha hadi ukutani, na kikosi kiliporudi nyuma akarudi nayo akiwa na majeraha kadhaa ya risasi, mahali pengine akitambaa. Alipowafikia wenzake aliwaambia kwamba ametimiza wajibu tu, na kwamba bendera haikugusa ardhi.

Alipewa Nishani ya Heshima, nishani kuu ya ushujaa ya jeshi la Marekani, mwaka 1900. Miaka 37 baadaye, ndiyo. Alifanya kazi ya kusambaza barua New Bedford kwa miongo kadhaa, kisha uzeeni akawa tarishi katika jumba la serikali ya jimbo, lile la kuba. Mwaka 1908 alinaswa na lifti humo ndani, akafa kwa majeraha. Ukiwa umesimama mbele ya mnara, geuka: mahali alipopatia kazini ajali iliyomuua mtu aliyeokoa bendera pako mgongoni mwako, ng'ambo ya barabara.

Shaw alizikwa wapi?

Shimoni pamoja na askari wake. Desturi ya vita ilikuwa kurudisha mwili wa afisa. Waasi hawakuurudisha, walimtupa kaburi moja na weusi wakidhani wamemdhalilisha. Baadaye kisiwa kilipotekwa, kukawa na mpango wa kumfukua. Baba yake aliandika kuukataa: hakuna mahali patakatifu kwa askari kushinda pale alipoangukia na wenzake.

Kwa nini unasisitiza nizunguke nyuma?

Kwa sababu ya majina.

Mnara ulipozinduliwa tarehe 31 Mei 1897, upande wa nyuma, unaotazama bustanini, ulikuwa na maandishi marefu ya kuwasifu maafisa na askari, na chini yake majina ya maafisa waliokufa. Maafisa, maana yake Wazungu. Askari walisifiwa kwa jumla, kama unavyosifu mvua. Siku ya uzinduzi maveterani wenyewe walipita mbele ya mnara, mvi kichwani, Carney akiwapo na bendera, Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa weusi, akatoa hotuba iliyoliza watu. Na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusogea ukutani akaweka kidole kwenye jina la rafiki yake.

Ilikaa hivyo miaka 85. Mwaka 1982, mnara ulipofanyiwa ukarabati, ndipo yakachongwa majina zaidi ya 60 ya askari weusi waliokufa kwa sababu ya Fort Wagner. Yako chini, upande wa nyuma, mahali ambapo mtu wa basi la utalii hafiki. Wengi wanaopita kwa mbele huondoka wakijua jina moja tu, la mpanda farasi. Inama uyasome. Mimi huwaomba wageni wangu wasome matatu kwa sauti. Wengine huona haya, lakini husoma.

Yale maneno ya Kilatini yanasemaje?

*Omnia relinquit servare rempublicam.* Kwa Kiswahili: aliacha yote ili kuilinda jamhuri. Zingatia kiambishi. Ni *aliacha*, si *waliacha*. Kitenzi cha Kilatini kiko katika umoja; shaba ina watu wengi na maandishi yana mtu mmoja.

Kwa nini ulichukua muda mrefu hivyo kujengwa?

Wazo la kwanza lilitoka kwa Joshua Smith, mfanyabiashara mweusi wa Boston aliyekuwa na mgahawa wa kupikia sherehe, mwaka 1865. Fedha zikasuasua. Huko Kusini nako askari wa kikosi na weusi waliokombolewa walichanga ili kujenga ukumbusho karibu na Fort Wagner; wenyeji Wazungu hawakutaka, na mchanga wenyewe haukuweza kubeba jiwe, kwa hiyo fedha zikaenda kwenye shule ya watoto weusi Charleston iliyopewa jina la Shaw. Hata leo sijui kama si matumizi bora.

Saint-Gaudens alitia saini mkataba mwaka 1884 na akaahidi kumaliza upesi. Alitumia karibu miaka 14. Alikuwa mtu wa kubomoa kilichokwisha, hasa yule malaika, ambaye alimbadilisha tena na tena. Hata baada ya uzinduzi aliendelea kukirekebisha kielelezo cha plasta. Kielelezo hicho kimeonyeshwa miaka mingi katika jumba la sanaa la taifa mjini Washington.

Kuna lolote linalotuhusu sisi wa Pwani?

Lipo, na liko kwenye sanduku la nguo. Kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani kilitoka huku huku. Wafanyabiashara wa Salem, mji ulio kaskazini kidogo mwa Boston, walikuwa wakileta majora kutoka viwanda vya Massachusetts na jirani zake hadi Unguja, wakirudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Konsuli wa kwanza wa Marekani Unguja, mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Viwanda hivyo vilisokota pamba ya Kusini, iliyochumwa na watumwa. Vita vilipofunga bandari za Kusini, pamba ikaadimika, merikani ikapanda bei na kupungua Unguja, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikajaza nafasi. Kwa hiyo mwaka ule Shaw na wenzake wanakufa mchangani, mke wa mvuvi wa Unguja alivipata vita hivyo dukani, kwa upande wa bei. Na soko la watumwa la Mkunazini wakati huo lilikuwa wazi bado. Lilifungwa mwaka 1873.

Je, unafanana na Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam?

Watu wa Dar huuliza hili kabla hata hawajaweka simu mfukoni. Inafanana kwa shaba na kwa bunduki. Sanamu ya pale makutano ya barabara za Samora na Azikiwe ilizinduliwa mwaka 1927 na Waingereza, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mahali hapo kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa kikoloni wa Kijerumani. Tofauti ya kwanza ni kwamba wapagazi wengi hawakujitolea. Walikusanywa kwa nguvu, na Kariakoo imebaki na jina la kikosi chao. Tofauti ya pili ni kwamba pale Dar askari yuko peke yake, hana afisa juu ya farasi.

Lakini maandishi yake, yaliyowekwa kwa Kiingereza na Kiswahili, yanawaahidi kwamba wakiifia nchi yao watoto wao watalikumbuka jina lao. Tafuta jina lolote pale. Hakuna hata moja. Boston walichelewa miaka 85. Sisi saa bado inahesabu.

Nilisikia uliwahi kupakwa rangi. Kweli?

Kweli. Usiku wa tarehe 31 Mei 2020, wakati wa maandamano ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, watu waliandika kwa rangi upande wa nyuma, huku ukarabati mkubwa ukiwa ndio umeanza. Wapo waliodhani ni sanamu ya Mzungu mwingine tu juu ya farasi. Walisahau kuusoma, kama watalii. Ukarabati huo uligharimu karibu dola milioni 3; shaba iliondolewa, ikasafishwa, ikarudishwa mwaka 2021. Upanga wa Shaw nao umevunjwa na kuibwa zaidi ya mara moja miaka iliyopita, kwa hiyo huo unaouona si wa asili.

Naweza kupanda ngazi na watoto, kupiga picha, kugusa?

Watoto ndiyo, picha ndiyo. Shaba usiiguse, jasho la mikono huila. Majira ya baridi ngazi huteleza, vaa viatu vya maana.

Nikitoka hapo niende wapi?

Vuka barabara, pita ubavuni mwa jumba la serikali na ushuke Joy Street upande wa pili wa mlima. Ndiyo iliyokuwa mitaa ya weusi wa Boston karne ya 19. Chini utakuta African Meeting House, kanisa la matofali lililojengwa mwaka 1806, sasa ni makumbusho. Mwaka 1863 lilikuwa moja ya mahali pa kuandikisha kuruta wa Kikosi cha 54. Ukumbi una viti vya mbao na madirisha marefu, na sakafu inalia unapotembea. Makumbusho hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujashuka, maana kurudi ni kupanda.